Mwalimu Aliyesema Tosha

Zwiii. Sauti ya zipu. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka kabla ya sura yake. Alikuwa na koti zito la rangi ya ugoro, koti la kiume, zipu yake ya chuma yenye meno makubwa. Kila mwanafunzi alipopata jibu ubaoni, Mwalimu alisimama mbele yetu na kuishusha ile zipu kutoka kidevuni hadi kiunoni, taratibu, ametukazia macho. Zwiii. Halafu analivua koti, analitundika kwenye kona ya ubao.

"Huyu ni nani?"

Ukumbi mzima: "Ni Mwalimu!"

"Amepungua?"

"Hajapungua!"

"Haya, tuendelee."

Mgeni aliyechungulia mlangoni angedhani amekuta dini mpya. Kumbe ni hesabu tu. Ni sehemu, zile namba mbili zilizopandana na mstari katikati, na Mwalimu alikuwa anatufundisha kuzirahisisha.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani, maana hayo hakuyasimulia na mimi sikuuliza. Nilimkuta tayari ni mzee, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko Tanzania, aliyekuja Johannesburg kukaa na binti yake. Binti alikuwa anafundisha chuo kikuu Braamfontein, na wawili hao walipanga flati Troyeville. Kukaa bure kulimshinda Mwalimu. Akaenda kanisani mtaa wa pili, akaomba ukumbi kila Jumamosi asubuhi, akapewa ukumbi, ubao wenye ufa na chaki zilizolowa.

Wanafunzi wake walikuwa watoto wa Wakongo na Warundi wa pale Troyeville na Bertrams. Shuleni walisomeshwa hesabu kwa Kiingereza, nyumbani mama zao walizijua kwa Kifaransa, na katikati hapo hesabu zilipotea kama mzigo uliobadilishiwa gari. Benchi la nyuma tulikaa sisi wakubwa, wachache, magoti yakigusa kidevu.

Mimi nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja mtaani La Rochelle. Shule niliiacha huko kwetu Bukavu kabla hatujamaliza hizo sehemu. Lakini nilikuwa na ndoto, na ndoto yangu ilikuwa umeme. Umeme ulipokatwa kwa zamu, wenzangu saluni walikaa chini wakipumua kwa huzuni, nywele za wateja nusu zimelowa nusu zimekauka. Mimi nilitazama dari. Nilijiuliza waya unapita wapi, unashuka wapi, nani aliupitisha. Kulikuwa na chuo cha ufundi Braamfontein kilichochukua hata watu wasio na vyeti, mradi wafaulu mtihani wa hesabu wa kuingilia. Msichana mmoja alinionyesha karatasi ya mwaka uliopita. Niliitazama nikaona sehemu, sehemu, sehemu.

Mwenye saluni, mama wa Lubumbashi mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, alicheka mpaka akashika kiti. "Weye? Fundi umeme? Na kucha hizi? Umeme utakushika mkono ukuombe uchumba!" Lakini ni yeye huyo huyo aliyeniruhusu Jumamosi asubuhi niende Troyeville, wakati wateja ndio wanajaa.

Basi nikaenda.

Neno lenyewe lilimpa Mwalimu taabu tangu siku ya kwanza. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KURAHISISHA. Nyuma ya ukumbi walikaa akina mama waliowaleta watoto, na mmoja wao, muuza viatu wa barabarani, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Kwetu kitu cha rahisi, njo kile cha kuharibika mbio. Sasa mtoto wangu atajifunza kuharibisha?"

Mwalimu akafikiri. "Basi tuseme kupunguza."

"Ee Mungu wangu! Kutwa nzima pale barabarani ni punguza mama, punguza mama. Hata kanisani tena ni punguza?"

Tulicheka sote. Lakini madhara yalikuwa yameshaingia. Mwalimu aliandika mbili juu ya nne, akaonyesha kwamba inakuwa moja juu ya mbili, na mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa uchungu wa kweli, "Ile ingine imeenda wapi?" Alidhani kaibiwa. Wengi walidhani hivyo. Mbili na nne ni nyingi, moja na mbili ni chache, na neno ni kupunguza. Hata mimi benchi la nyuma nilikuwa nimeshaamini tumepata hasara.

Ilikuwa baridi ile ya Juni, baridi kavu ya Joburg inayopasua midomo. Mwalimu alisimama pale, mikono mfukoni, na mara ile akashusha zipu. Akavua koti. Chini ya koti sweta. Akavua sweta. Chini yake blauzi ya maua.

"Mimi ni nani?"

"Mwalimu."

"Nimekuwa nusu Mwalimu?"

"Hapana!"

"Mbili juu ya nne ni moja juu ya mbili iliyovaa koti. Koti lenyewe ni mbili. Juu imevaa mbili, chini imevaa mbili. Mvue. Atakuwa yuleyule, ila sasa unamwona vizuri." Akapiga chafya. "Na vua kote, juu na chini. Ukivua juu tu ukaacha chini, huyo anatembea barabarani hana shati, kavaa suruali mbili."

Watoto walipiga kelele za furaha hadi mchungaji akaja kuchungulia.

Tungeweza kuishi vizuri na koti lile maisha yetu yote, kama si neno *tosha*.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu mtu wa Dar au wa Mombasa hatalijua tatizo letu. Kwake tosha ni basi, imefika, usiongeze. Kwetu sisi wa Kongo, kutosha ni kuondoa. Tosha viatu. Tosha sufuria motoni. Tosha koti. Mwalimu akisema mvue, sisi moyoni tulikuwa tunatafsiri: mtoshe.

Basi akaweka ubaoni kumi na mbili juu ya kumi na sita. Tukamvua koti la mbili, ikawa sita juu ya nane. Tukamvua sweta la mbili, ikawa tatu juu ya nne. Mwalimu akaona tumefika kwenye ngozi, hakuna nguo tena, akapiga meza kwa furaha.

"Tosha!"

Tukatosha. Namba ya kutosha haikubaki ila moja, basi tukaondoa moja juu na moja chini: mbili juu ya tatu.

"Tosha, nimesema!"

Tukaondoa tena: moja juu ya mbili.

"Jamani, tosha! Tosha!"

Kijana wa Bukavu mwenzangu akasimama, jasho usoni. "Mwalimu, tumetosha mpaka mwisho. Imebaki sifuri juu ya moja. Mtu mwenyewe hayuko tena."

Mwalimu alimtazama. Akautazama ubao. Kisha muuza viatu nyuma akaelewa kabla yetu sote, akaeleza huku akijifunika uso kwa kitenge kwa kicheko. Mwalimu akakaa chini. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akacheka bila sauti, mabega tu, akifuta machozi kwa kitambaa cha ubao, chaki ikampaka uso mzima.

Alipopata pumzi akainuka. "Sikilizeni. Koti likivuliwa, mtu ni yuleyule. Ninyi hamkumvua koti. Mmemkata mguu, halafu mwingine, halafu mmemzika."

Kuanzia hapo, mtu akiondoa badala ya kugawanya, Mwalimu hakumwekea alama ya kosa kama walimu wengine. Alimchorea pembeni mtu mdogo mwenye mguu mmoja. Madaftari ya watoto yakajaa vilema. Mama mmoja Mrundi alikuja na daftari la mwanawe, amelifungua. "Mwalimu, nimekukosea nini? Mbona unamwandikia mtoto wangu ajali?" Ilibidi mama huyo akae kitini na kufundishwa sehemu kuanzia mwanzo ili aelewe kwamba hakuna uchawi. Alielewa vizuri sana. Wiki zilizofuata alikuja yeye, mtoto akabaki nyumbani amelala.

Nisije nikamfanya malaika, maana hakuwa. Mwanamke aliyetufundisha kurahisisha hakuweza kurahisisha kitu chochote katika maisha yake. Ukimwuliza saa, anakueleza kwanza ile saa ilinunuliwa wapi na nani aliwahi kuiba kamba yake. Mkoba wake ulikuwa na vikombe, pilipili za unga, soksi, betri zilizokufa ambazo "huenda zikaamka". Kusalimiana naye ilikuwa safari. Alitufundisha shikamoo, sisi ambao hatukuizoea, na watoto kwa hamu wakawa wanamwahi wao: akiingia tu, wanapaza sauti "Marahaba, Mwalimu!" Aliinamisha kichwa na kuwaambia, "Shikamooni, wazee wangu."

Alikuwa mkali kuhusu jibu sahihi, lakini kwenye karata aliiba waziwazi. Nilimkamata na jike la kopa chini ya paja, mbele ya binti yake. "Liliniangukia," alisema, uso mkavu. Aliziogopa roboti, yaani taa za barabarani. Hata ikiwa kijani alisubiri iwe nyekundu, kisha kijani tena, "nihakikishe haitanii". Mashine ya hesabu aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani aliyemsengenya. Mtoto aliyekuja nayo darasani alinyang'anywa, na ikawekwa mkobani pamoja na zile betri zilizokufa.

Na machozi yalikuwa karibu. Kosa halikumliza hata siku moja. Jibu sahihi la mtoto mzito wa kuelewa, hilo ndilo lilimliza. Anageuka anajifanya anafuta ubao ambao umeshafutwa.

Kuhusu lile neno, hakukubali kuliacha. "Tosha ni neno la mama yangu," alisema. Sisi nasi hatukuwa na lingine. Kwa hiyo tukafunga mkataba: yeye akifika mwisho atasema "Inatosha!" na kunyanyua kiganja, na sisi tutajibu kuonyesha kwamba hatuondoi tena. Jumamosi iliyofuata tukafika mwisho wa swali. Kiganja juu.

"Inatosha!"

Na sisi, kwa nguvu zote za mapafu, watoto na wakubwa: "Hatutoshi!"

Kwetu ilikuwa sawa kabisa. Hatuondoi. Lakini kiganja chake kilishuka. Alisimama kana kwamba mtu amemwita jina baya. Kwa lugha yake watoto wote wale, wenye viatu vya kupokezana, wanaoitwa majina njiani kwa ajili ya walikotoka, walikuwa wamesimama na kupiga kelele kwamba wao si kitu, kwamba hawafikii.

"Msiseme hivyo," alisema polepole. "Tena msirudie humu ndani. Mnatosha. Semeni: tunatosha."

Tukasita. Kwetu hiyo maana yake tunaondoa. Kijana wa Bukavu akanong'ona, "Sasa tunatosha nini?" Lakini uso wa Mwalimu ulimwambia kila mtu anyamaze. Basi tukasema. "Tunatosha!" Kila Jumamosi, miaka yote ile, tulisema tunaondoa huku tukiacha kuondoa, na yeye akasikia alichotaka kusikia. Mimi nilisikia vyote viwili kwa mpigo.

Mtihani nilifanya mara ya kwanza mwaka 2016. Nikaanguka.

Nilijua mwenyewe ni wapi nimekosea. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenzangu wameinamia karatasi kama wanaonyonya supu, na mimi nikaogopa. Kila nilipofika katikati ya swali niliona heri niishie hapo nisiharibu. Niliacha tisa juu ya kumi na mbili. Niliacha kumi juu ya kumi na tano. Watu wangu wote wamebaki na masweta.

Nilikwenda Troyeville Jumamosi hiyo nikamwambia Mwalimu, "Bon, basi. Narudi kwenye nywele. Mimi sitoshi." Na mara hii nilisema kwa Kiswahili chake.

Hakunibembeleza. Aliinuka kwenye kiti chake, akaja benchi la nyuma, akanisukuma kwa nyonga, akakaa pale nilipokuwa nakaa.

"Nenda kasimame kule."

"Wapi?"

"Ubaoni. Leo wewe mwalimu, mimi Darasa la Tano."

Na hapo niligundua kwamba mama yule aliyefundisha watu maisha yake yote alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote duniani. Alitafuna pipi. Aligombana na mtoto wa pembeni juu ya rula. Alinyanyua mkono kuomba kwenda chooni. Nilipoandika tisa juu ya kumi na mbili akasema kwa sauti nyembamba, "Mwalimuuu, mie naona imekwisha hiyo."

"Haijakwisha."

"Kwa nini haijakwisha? Mie naona kapendeza."

"Angalia. Tisa ina tatu. Kumi na mbili nayo ina tatu. Bado amevaa."

"Aaa, baridi, Mwalimu. Muache na sweta lake."

"Mvue!" nilipiga kelele, na sikujua nimepiga kelele. "Mvue, usiogope! Tatu juu, nne chini. Sasa angalia tatu na nne, kuna namba inayoingia kote kuwili? Hakuna. Hapo ndipo unasimama. Kabla ya hapo husimami!"

Mwalimu akatoa pipi mdomoni.

"Umesikia ulichosema?" aliuliza, kwa sauti yake ya kweli. "Basi kaandike hivyo hivyo karatasini kwao."

Mwaka mzima tuliendelea hivyo. Yeye mjinga, mimi mwalimu. Kila wiki alivumbua ujinga mpya, na kila wiki ilinibidi nijue zaidi ili nimshinde. Saluni nilisuka nikihesabu: kichwa nimekigawa mafungu ishirini na nne, nimemaliza kumi na nane, imebaki ngapi ukimvua? "Eish, huyu anaongea na nywele zangu," mteja mmoja Mzulu alimwambia mwenye saluni. "Mwache," mama akajibu. "Nywele nazo zinataka shule."

Mara ya pili niliingia ukumbini nikiwa nimekata kucha. Sehemu zikaja, moja moja, zimevaa vizuri, nami nikazivua. Hakuna niliyeiacha na sweta. Hakuna niliyeikata mguu. Kulikuwa na moja mwishoni, kumi na saba juu ya kumi na tisa, imekaa pale kwa kiburi, na yule mtu wa pembeni yangu nilimwona anaifuta na kuandika, anaifuta na kuandika. Niliitazama. Nikatafuta nguo, sikuona. Nikaiandika tena kama ilivyo, nikanyanyua kiganja kidogo chini ya meza, kisionekane.

Ujumbe wa kufaulu uliingia kwenye simu nikiwa nimeshika kichwa cha mtu. Mwenye saluni aliisoma mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa na mafuta. Akatoka nje hadi barabarani La Rochelle na kitana mkononi. "Amepita! Fundi wetu amepita! Nani ana soketi mbovu? Leteni!" Muuza mboga jirani akapiga vigelegele bila kujua sababu. Mteja wangu, nusu kasukwa nusu hajasukwa, akanikumbatia na kuacha alama ya kichwa chake kwenye aproni yangu.

Mwalimu, niliyekuwa nimeshamsimulia maswali yale, nilimwambia kwa simu. Kisha: "Ile ya mwisho ulifanyaje?" Nikamwambia niliiacha kama ilivyo. Nikasikia anasugua kitu, na nikajua ni yale machozi; flati yake haina ubao, sijui alikuwa anafuta nini.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka 2019. Kazi ya binti yake Braamfontein ilikuwa imekwisha, wanarudi nyumbani. Nilikwenda Troyeville kuwasaidia kufunga. Masanduku hayakufungika. Nilitoa vikombe, akarudisha vikombe. Nilitoa mwavuli uliovunjika, akaupokonya. "Huo una historia," alisema. Binti yake alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshindwa zamani.

Niliomba nichemshe chai, nikaelekea kwenye soketi ya jikoni.

"Usiguse hiyo!" Mwalimu aliruka kama msichana. "Inatema moto. Tumechemshia chumbani tangu tuje. Mwenye nyumba kila siku anasema kesho."

Tukachemshia chumbani, birika juu ya kitabu cha simu, tukanywa tumekaa juu ya masanduku.

"Sasa umefika wapi?"

"Mwaka wa pili, Mwalimu. Wiki ijayo tunaanza kupitisha waya kwenye nyumba ya kweli."

"Na sehemu? Wanawapa ngumu?"

Sikuweza kumdanganya. "Sehemu siku hizi chache, Mwalimu. Tunatumia mashine ya hesabu."

Aliweka kikombe chini. Alinitazama muda mrefu, huzuni na hasira vikipigana usoni, na kicheko kikashinda. "Usiniambie mengine," alisema. "Niache nipande ndege na furaha yangu."

Teksi ikapiga honi chini. Tukabeba. Pale mlangoni alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaangalia vidole vyangu, mikwaruzo ya waya, kucha fupi. Hakusema kitu cha busara. Alisema, "Pakaa mafuta, mwanangu," akaingia ndani ya gari, akaanza hapo hapo kumsimulia dereva habari za mwavuli.

Binti aliniachia ufunguo nimpe mlinzi wa jengo. Lakini kwanza nilipanda tena juu. Flati ilikuwa tupu, alama za picha ukutani. Nilizima swichi kuu. Nilichukua testa mkobani, nikahakikisha umeme umekufa, nikafungua kifuniko cha soketi ya jikoni kwa bisibisi. Waya mmoja ulikuwa umelegea na kuungua ncha, basi, hilo tu. Nikaikata ncha, nikamenya upya, nikaiingiza mahali pake, nikaikaza skrubu mpaka ikakataa kwenda. Nikarudisha kifuniko. Nikawasha.

Birika lilikuwa limeshaondoka na wenyewe, kwa hiyo nikachomeka chaja yangu. Simu ikalia kidogo, ikaanza kujaa. Nikasubiri kidogo nisikie kama kuna cheche. Hapakuwa na cheche. Nikaichomoa, nikafunga mlango, nikampelekea mlinzi ufunguo.